Akiba Haiozi: Historia ya Njaa na Msaada Kutoka Shinyanga Hadi Buseresere

Msafiri atokaye Geita kuelekea Bwanga na Biharamulo hupita katika miji miwili iliyoshikana kiasi kwamba mgeni hawezi kutambua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Katoro imo katika Wilaya ya Geita. Buseresere imo katika Wilaya ya Chato. Mpaka upo kwenye ramani na katika majalada ya halmashauri, lakini sokoni haupo. Hapo utakuta mchele, mahindi na dagaa wa Ziwa Viktoria, na hatua chache kutoka penye magunia utakuta mizani midogo ya mnunuzi wa dhahabu.

Leo sitaki kuzungumzia dhahabu kwanza. Nataka kuzungumzia vitu vitatu ambavyo msafiri huvipita bila kuviangalia: udaga, michembe na matobolwa. Udaga ni muhogo uliovundikwa na kuanikwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani. Matobolwa ni viazi hivyohivyo, ila huchemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa. Kwa kijana wa mjini hivi ni vyakula vya asili, pengine hata vya kuonea haya. Kwa mwanahistoria ni nyaraka. Kila kipande cha mchembe kinatuambia kwamba watu wa ukanda huu walijua, kabla ya ofisi yoyote ya maafa kuwapo, kwamba mvua itakosekana tena, na kwamba siku ya kujiandaa ni ile ambayo chakula kingalipo.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara kwa nini mataifa yenye migogoro hupewa chakula cha msaada miaka nenda miaka rudi, na bado hayajengi ustahimilivu. Wakiuliza hivyo hufikiria Sudani Kusini, Somalia au mashariki mwa Kongo. Mimi huwarudisha nyumbani. Tanzania nayo imekula chakula cha msaada, imekigawa na imekiuza. Simulizi hiyo tumeisahau, na kusahau huko kuna gharama.

Kihenge, mtemi na kuhemea

Katika jamii za Wasukuma, kinga dhidi ya njaa ilikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kaya yenyewe: mtama na uwele katika kihenge, viazi vilivyokaushwa, na ng'ombe, ambao walikuwa akiba inayotembea. Ya pili ilikuwa utawala. Mtemi alilimiwa shamba na watu wake, na sehemu ya nafaka iliyotoka humo ilitarajiwa kuwahudumia wageni, wahitaji na watu wote mwaka wa dhiki. Mtemi aliyeshindwa kulinda mvua na chakula aliweza kupoteza uhalali wa kiti chake. Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi, kwani ulikuwa na unyonyaji wake. Hata hivyo ulibeba kanuni moja ya kisiasa: anayepokea jasho la watu wakati wa neema anawajibika kwao wakati wa njaa.

Ngazi ya tatu ilikuwa kuhemea. Neno hili lina uzito ambao maneno ya ripoti za kisasa hayana. Kuhemea si kuomba. Ni kusafiri kwenda penye chakula ukiwa na kitu cha kubadilishana, iwe mbuzi, jembe, chumvi au nguvu zako, na kurejea na mzigo. Nchi kavu za Shinyanga na Kwimba zilihemea penye mvua nyingi zaidi, ikiwamo Uzinza na maeneo ambayo leo tunayaita Geita na Chato. Njia za kuhemea ziligeuka kuwa njia za undugu na za biashara, na hatimaye njia za kuhamia. Wengi wa wenyeji wa leo wa Buseresere ni wazao wa mwendo huo mrefu wa kutoka kwenye ukame kuelekea kwenye mvua.

Mkoloni na muhogo wa lazima

Serikali ya Waingereza ilipoikuta hali hii, iliitafsiri kama uhaba wa nidhamu. Wakati huohuo ilikuwa ikiwahimiza wakulima walime pamba, zao lisiloliwa, ambalo lilishindana na nafaka kwa ardhi na kwa mikono. Kinga iliyopendekezwa ilikuwa amri: kila kaya ipande muhogo kama zao la akiba, na asiyepanda atozwe faini. Sheria za namna hiyo zilipitishwa kwa jina la mamlaka za wenyeji, yaani watemi waliokuwa sasa wakipokea mshahara kutoka bomani.

Hapa tuwe waadilifu. Muhogo uliokoa watu. Unavumilia ukame, unaweza kusubiri ardhini, na nzige hawali mizizi iliyofunikwa. Tatizo lilikuwa namna ulivyoletwa. Jambo ambalo watu wangeweza kulikubali kwa hoja lilikuja kwa fimbo, likiwa limefungwa katika kifurushi kimoja na mambo waliyoyachukia.

Kifurushi hicho kilikuwa kikubwa. Katika miaka ya 1920 na 1930, chini ya uongozi wa Charles Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, Shinyanga ilikuwa kitovu cha kazi ya kufyeka mapori kwa nguvu za umati ili kuwaondoa wadudu hao. Mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ambao pamoja na mengine ulilenga kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika maeneo ya kati na kufungua ardhi mpya, hususan Geita. Yakafuata masharti ya matuta, ya idadi ya mifugo na ya matumizi ya ardhi. Mwaka 1958 hasira zilizolimbikizwa zililipuka Geita. Cheche ilikuwa halmashauri ya wilaya ya mchanganyiko wa rangi ambayo wananchi hawakuitaka, na maelfu wakaandamana hadi Mwanza. Wanahistoria wa uhuru hulikumbuka tukio hilo kama ushindi wa siasa ya kitaifa. Ninaongeza kwamba lilikuwa pia hukumu ya wakulima dhidi ya ustahimilivu wa kuamrishwa.

Yanga

Taifa lilizaliwa likiwa na njaa. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa Uhuru, Tanganyika ilipigwa na ukame, kisha na mafuriko, na mahindi ya msaada kutoka Marekani yakafika. Marekani ilikuwa na ziada kubwa ya nafaka, na tangu mwaka 1954 ilikuwa na sheria mahususi ya kuitumia ziada hiyo nje ya nchi, kwa biashara, kwa huruma na kwa siasa za Vita Baridi. Mwaka huohuo wa 1961 ndipo Umoja wa Mataifa ulipoanzisha Mpango wa Chakula Duniani.

Lakini njaa iliyobaki katika ndimi za wazee ni ile ya 1973 hadi 1975. Wakati ule unga wa njano ulipewa jina la yanga, kwa rangi yake. Walioula wanakumbuka ladha iliyowashinda na foleni ndefu. Wanakumbuka pia fununu kwamba kule ulikotoka ni chakula cha mifugo. Fununu hiyo haikuwa uzushi mtupu, kwani Marekani sehemu kubwa ya mahindi ya njano huliwa na mifugo. Hata hivyo yanga iliwafikisha watu kwenye mavuno yaliyofuata, na aliyeokolewa nayo hana sababu ya kuidharau.

Ni nini kilichosababisha njaa ile? Mjadala haujaisha. Ukame wa misimu miwili mfululizo ni ukweli. Ni ukweli pia kwamba mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu, mara nyingine katika msimu wa kilimo. Kaya zilijikuta mbali na mashamba yao, mbali na migomba na mihogo iliyokuwa bado ardhini. Akiba iliyokuwa chini ya udongo haikuweza kuhamishwa kwa lori.

Takwimu zinazotajwa sana ni za Shirika la Usagishaji la Taifa. Ununuzi wake wa mahindi ulishuka kutoka takriban tani 106,000 msimu wa 1972/73 hadi takriban tani 24,000 msimu wa 1974/75. Nawasihi wanafunzi wazisome kwa tahadhari. Takwimu hizi zinapima kilichouzwa kwa serikali, hazipimi kilichovunwa. Mkulima aliyeona dalili za njaa, na aliyepewa bei ndogo, alifanya kile ambacho babu yake angefanya: alificha chakula chake. Sehemu ya pengo hilo ilikuwa ukame, sehemu ilikuwa vurugu za kuhamishwa, na sehemu ilikuwa akiba ya kaya iliyokataa kuonekana.

Serikali ilinunua nafaka nje kwa fedha za kigeni wakati bei za dunia zikiwa juu na bei ya mafuta ikiwa imepanda kwa kasi baada ya Oktoba 1973. Iliwalisha watu wake, na hilo tusilinyamazie: nchi nyingine za Afrika katika miaka hiyohiyo zilificha njaa hadi wananchi wao wakafa kwa maelfu. Kutokana na funzo hilo ukazaliwa mpango wa Hifadhi ya Taifa ya Nafaka, mama wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulioanza mwaka 2008, ambao una ghala lake pia Shinyanga.

Kuhemea kunapogeuka kosa

Kuna sura moja ambayo vitabu vyetu vya kiada huipita haraka. Wakati dola ikijenga ghala lake, ilizifunga njia za kuhemea. Kwa miaka mingi mwananchi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali. Mwaka 1984 kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 vizuizi hivyo vikaondolewa. Fikiria maana yake mahali kama Buseresere. Kabla ya Mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012, Katoro ilikuwa Mkoa wa Mwanza na Buseresere ilikuwa Mkoa wa Kagera. Jirani aliyempelekea shemeji yake magunia mawili ya mahindi bila karatasi alikuwa mlanguzi mbele ya sheria.

Nia ilikuwa kuwadhibiti wafanyabiashara waliofaidi kutokana na uhaba. Matokeo yake yalikuwa kuivunja ngazi ya tatu ya kinga, ile iliyohamisha chakula kutoka palipo na mvua hadi palipokauka bila kumgharimu mlipa kodi hata senti moja. Kila mara tunaposikia pendekezo la kufunga mpaka wa mkoa au wa nchi ili "kulinda chakula chetu", tukumbuke kwamba jaribio hilo tulishalifanya.

Shinyanga ilivyootesha miti yake

Mfano bora wa kujenga ustahimilivu katika historia yetu haukuanza na gunia la msaada. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zipumzike, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza. Ufyekaji wa mapori, shinikizo la pamba na mifugo, kisha kuhamishiwa vijijini, viliziua ngitili nyingi. Mwalimu Nyerere aliuzuru mkoa huo mwaka 1984, na hali ya ukavu aliyoiona ilichangia kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kwa msaada wa fedha kutoka Norwei.

Mwanzoni mradi ulielekea kufuata desturi ya vitalu na miche ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja wataalamu walipokubali kuwasikiliza wafugaji: iacheni ardhi ipumzike, miti itachipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Sheria ndogo zilisimamiwa na dagashida, baraza la kimila, pamoja na serikali za vijiji. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia zilihesabika kwa mamia ya hekta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifikia zaidi ya hekta laki tatu. Zilitoa malisho, kuni, asali, nyasi za kuezekea na dawa, na mauzo yake yalisaidia kulipa ada na kununua chakula mwaka mbaya.

Linganisha jambo hili na muhogo wa faini. Yote mawili yalikuwa na sayansi nzuri. Moja lilikuja kama adhabu, jingine lilirudisha mamlaka kwa wale ambao ng'ombe wao ndio wangekufa.

Isaka, Benako na Nyarugusu mbili

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benako ikawa ghafla mmoja wa miji mikubwa ya nchi yetu. Chakula kilisafiri kwa reli hadi Isaka, katika Mkoa wa Shinyanga, kisha kwa malori kuelekea magharibi. Mkoa uliokuwa maarufu kwa njaa yake mwenyewe ukawa lango la kuwalishia wageni.

Leo kuna Nyarugusu mbili. Moja iko Geita, ambako watu huchimba dhahabu. Nyingine iko Kasulu, mkoani Kigoma. Ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikapokea Warundi. Katika hiyo ya pili, mwaka 2023, mgao wa chakula ulipunguzwa hadi nusu ya mahitaji kwa kukosekana kwa fedha za wafadhili. Mkimbizi asiyeruhusiwa kulima wala kufanya biashara kwa uhuru hana kihenge, hana njia ya kuhemea, na mwaka huo hata ngazi ya dola na dunia ilikatwa katikati. Mgao wa namna hiyo humweka mtu hai, lakini haumpi nafasi ya kusimama mwenyewe. Na hapo hakuna uvivu wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni kanuni.

Historia ina kejeli zake pia. Mwaka 2019 Mpango wa Chakula Duniani ulikubaliana kununua tani 36,000 za mahindi kutoka kwa Wakala wetu wa Hifadhi ya Chakula. Mwaka 2024 Tanzania ilikubaliana kuiuzia Zambia, iliyopigwa na ukame, tani 650,000. Watoto wa walioila yanga sasa wanauza nafaka. Ni jambo la kujivunia, mradi tusidhani kwamba ghala la taifa likijaa kila sufuria nayo imejaa.

Dhahabu haianikwi

Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alionyesha, kwa kuichunguza njaa ya Bengal ya 1943, kwamba watu hufa njaa hata pale chakula kinapokuwapo, kwa sababu wamepoteza uwezo wa kukipata. Buseresere na ukanda wote wa dhahabu wanapaswa kuisoma hoja hiyo kwa makini. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa kisasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kandokando yake maelfu ya wachimbaji wadogo hufuata mwamba popote unapotoa. Rashi inapotokea fedha hufurika, bei ya unga hupanda, na vijana huacha jembe. Mwamba unapokauka fedha huondoka, lakini bei haishuki kwa kasi ileile, na shamba halijalimwa.

Muhogo nao umepata maradhi. Batobato kali na michirizi ya kahawia vimeyashambulia mashamba ya Kanda ya Ziwa kwa zaidi ya miongo miwili. Watafiti wa Ukiriguru wamejibu kwa mbegu zinazovumilia, mojawapo ikiitwa Mkombozi. Kati ya mbegu hiyo na kaya ya mchimbaji aliyeacha shamba kuna afisa ugani, na huyo ndiye kiungo tunachokipa mafuta kidogo na pikipiki mbovu. Dhahabu haianikwi kama michembe. Isipogeuzwa kuwa ghala, mbegu, elimu au ng'ombe, hupita mikononi kama maji.

Tunaogopa neno gani?

Mwanzoni mwa 2017 nchi iliingia katika ubishi: je, kuna njaa au hakuna? Rais Magufuli, mwana wa Chato, alisisitiza kwamba serikali haitagawa chakula cha bure na kwamba kila mtu afanye kazi. Wapinzani walidai hali inafichwa. Katika makaratasi ya ofisi neno njaa huepukwa. Huandikwa "upungufu wa chakula". Sina nia ya kufungua upya kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zilirithi maswali ya zamani. Hofu ya kwamba msaada huzalisha uvivu ilikuwapo bomani enzi za mkoloni. Matarajio ya kwamba mtawala ana wajibu wa chakula yalikuwapo enzi za mtemi.

Historia hii haiungi mkono jibu rahisi. Haisemi kwamba msaada ni sumu: bila yanga, wengi wasingekuwapo leo. Haisemi pia kwamba msaada unatosha. Inasema kwamba msaada hufaa unapofika mapema na unapokutana na ngazi nyingine zikiwa zimesimama: kaya yenye akiba, jirani mwenye uhuru wa kuuza na kununua, na dola isiyoona haya kutamka neno njaa. Ngazi moja ikivunjwa kwa amri, mzigo wote huangukia ghala la taifa au meli ya mgeni.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya akiwa halmashauri, nina ombi moja. Kabla ya kuandaa sheria ndogo nyingine ya kulazimisha mazao ya akiba, kaa sokoni Buseresere asubuhi moja. Muulize mama anayeuza udaga ni mwaka gani alianza kuuweka, nani alimfundisha, na ni nini kinachomzuia kuweka zaidi. Majibu yake yatakuwa ya kiserikali kuliko unavyodhani: bei, barabara, mbegu, ushuru. Kwa mwanaharakati, nakumbusha kwamba haki ya chakula ni pamoja na haki ya kukisafirisha na ya kubaki karibu na shamba lako. Na kwa wanafunzi wangu: wahojini bibi na babu zenu kuhusu yanga mapema. Vihenge vya nafaka vinaweza kujazwa tena msimu ujao. Kihenge cha kumbukumbu zao kikishaondoka, hakuna mahali pa kwenda kuhemea.